Chini Mwachie Mwenyewe

Mwezi uliopita niliwakabidhi vijana wa Temeke meza yangu, tupa zangu nne, koleo mbili, na kopo la skrubu ambazo hakuna ajuaye zilitoka cherehani gani. Waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani walitaraji niwaeleze namna ya kukaza springi ya uzi wa juu. Hilo watajifunza kwa kuharibu, kama nilivyojifunza mimi. Nitakaloandika ni habari ya upande wa chini wa cherehani, mahali ambapo mshonaji haangalii kamwe na fundi huangalia kwa haraka, akiwa na hamu ya kurudi juu kwenye mng'ao.

Kwanza tuelewane jina. Fundi cherehani ni yule ashonaye. Fundi wa cherehani ni mimi, nitengenezaye. Neno moja dogo ndilo lililotutenganisha, na katika miaka yangu yote ya kazi haikupita wiki bila mtu kuniletea kitambaa cha suruali na kuniambia nisimbane kiunoni.

Nilifika Temeke nikiwa kijana mwenye mke mmoja na mashati mawili. Nilitoka kusini, kwa miguu hadi Lindi na kwa meli hadi Dar es Salaam. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, na nilijiona msomi. Nilitaka ukarani. Ukarani haukunitaka. Mtu wa kwetu akanipeleka kwa Mzee Mbaruku, aliyekuwa na kibanda cha makuti kando ya barabara ya Kilwa, Temeke ikiwa bado minazi mingi na nyumba chache.

Mzee Mbaruku alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyoingiwa na weusi wa mafuta usiotoka hata siku ya Idi. Aliniangalia, akauliza:

"Unajua kusoma?"

"Najua, Mzee."

"Vizuri. Hapa hutahitaji. Kaa, fumba macho, zungusha gurudumu."

Ndiyo kazi niliyofanya siku nzima ya kwanza. Alinipa cherehani moja baada ya nyingine, nami nikazungusha nikiwa nimefumba macho, huku yeye akiuliza: "Inagugumia wapi? Sindano ikipanda au ikishuka?" Jioni mkono ulikuwa unawaka, na nikaanza kusikia. Chuma kikikwaruzana na chuma kina sauti yake. Uzi uliokatikia ndani ukajiviringisha kwenye shina la gurudumu una sauti nyingine, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Tangu siku ile sijawahi kufungua cherehani kabla ya kuisikiliza.

Mzee hakuwa mtu wa maneno, lakini kila cherehani ilipomalizika aliifanyia jambo moja. Aliilaza ubavu, akaigeuzia kifua chake ili nisione, akachomoa lile bamba dogo la chuma linalofunika uzi wa chini, kisha nikasikia nyundo yake ndogo: ti, ti, ti. Nilidhani anapima kama chuma kimepasuka, kama wanunuzi wa vyungu wanavyogonga chungu sokoni. Siku moja niliona bamba la cherehani ya mteja limejaa vumbi na mikwaruzo upande wa ndani, nikachukua msasa. Akanishika mkono.

"Chini mwachie mwenyewe," alisema.

Hakueleza zaidi. Nami nikaelewa kama nilivyotaka kuelewa: kwamba sisi tunasafisha juu, na chini mwenye mali atajisafishia akifika kwake. Nikaona ni uvivu wa mzee aliyechoka, nikamheshimu kwa kunyamaza.

Adui yetu alikuwa kutu. Mtu wa bara hawezi kujua kutu ni nini. Huku upepo wenyewe una chumvi, na chuma ukikiacha wazi wiki moja kinaota wekundu kama ukurutu. Tulikuwa tukizamisha vyuma ndani ya mafuta ya taa, tukavisugua kwa majivu, kisha kwa msasa, kisha tukavipaka mafuta mepesi ya mashine. Mzee alinionyesha kitu kimoja ambacho nilikiona cha kuchekesha tu wakati ule. Chuma kilichowahi kupigwa au kuchomwa, hata ukikisugua mpaka kikawa kama kioo, kutu ikirudi itaanzia palepale kilipoumia. "Ngozi ya juu umeilainisha," aliniambia, "nyama ya ndani bado ina uchungu."

Adui wa pili alikuwa mafuta ya nazi. Kila nyumba ya pwani ina chupa yake: ya nywele, ya kukandia mtoto, ya kupikia. Basi watu waliyatia na kwenye cherehani. Miezi ya joto mambo yalikwenda. Ikifika Julai, asubuhi kukiwa na baridi kidogo, mafuta yaliganda, na yakikaa siku nyingi yakawa gundi. Cherehani ikakataa kuzunguka. Mtaani wakasema imeingiwa na jini linalopenda kulala. Niliwahi kuletewa moja imefungwa hirizi kwenye mkono wa sindano. Nilitoa gundi, nikairudisha hirizi mahali pake, na mwenye mali akanishukuru kwa kutomkasirisha jini. Sikuona haja ya kubishana.

Mzee Mbaruku alifariki mwaka mmoja kabla ya vita vya pili. Hakuwa na mtoto aliyeijua kazi, na ndugu zake wakaniachia kibanda. Nilimlilia kama baba. Nilimlilia, kisha nikaanza kurekebisha alichokuwa akikiacha nusu.

Vita vilipoanza, cherehani mpya hazikuja tena, wala sindano wala mikanda. Watu wakachomoa za bibi zao kutoka uvunguni na kuzileta kwangu. Ile ndiyo miaka iliyonipa jina, kuanzia Mtoni hadi Kinondoni. Walisema cherehani ikitoka kwa Lukasi unaweza kulia chakula hata upande wake wa chini. Nami nikahakikisha ni kweli. Kila bamba nililichomoa, nikalipiga tupa na msasa pande zote mbili mpaka mikwaruzo ikaisha na uso wangu ukaonekana ndani yake. Nilikuwa nikiuangalia uso huo na kuridhika.

Kisha akaja Bi Zuhura.

Bi Zuhura binti Salimu alikuwa mshonaji wa Mtoni. Yeye na mumewe, marehemu Athumani, walikuwa na cherehani moja ya miguu. Asubuhi Athumani alishonea kanzu barazani. Baada ya adhuhuri cherehani iliingizwa ndani, na mkewe akashona magauni na foronya. Kwa kuwa watu waliiona barazani tu, wote waliiita cherehani ya Athumani. Hawakujaaliwa mtoto. Athumani alipofariki, Bi Zuhura aliingia eda, miezi minne na siku kumi bila kutoka wala kufanya kazi, na cherehani ikakaa kimya naye chumbani. Somo yake na rafiki wa siku nyingi, Bi Mosi, mwenye huruma kuliko maarifa, alikuwa akija kila Ijumaa kuitia mafuta ya nazi.

"Nilisema isilale na njaa," Bi Mosi aliniambia mwenyewe, siku walipoileta juu ya mkokoteni. "Mwenzie amefiwa, na yenyewe imefiwa."

"Umeilisha, Bi Mosi," nikamwambia. "Sasa haiwezi kuinuka."

Bi Zuhura alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke eda, akaficha mdomo kwa ukaya. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Fundi, nifanyie haraka. Shemeji yangu Hamadi anasema hii ni mirathi ya kaka yake, kwa hiyo ni yake, mimi nina robo tu. Sina shamba, sina mtoto. Nina hii."

Niliifanyia kazi siku tano. Niliichemshia maji, nikaitia mafuta ya taa, nikachokoa gundi kwa kijiti cha mnazi tundu baada ya tundu. Siku ya nne gurudumu lilizunguka, likatoa ile sauti ya uji mwepesi unaochemka taratibu, sauti ninayoipenda kuliko kengele yoyote ya kanisani, Mungu anisamehe. Siku ya tano nilichomoa bamba. Upande wa ndani ulikuwa na mikwaruzo na vidoti vingi, vimechimbwa kwa kina. Nilitumia tupa tatu na karibu siku nzima. Nilifuta mpaka doti la mwisho. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Alhamisi Bi Zuhura akaja na Bi Mosi. Nyuma yao alikuja Hamadi, mtu mnene mwenye bakora, ingawa hakualikwa.

"Shikamoo, shemeji," alisema Bi Zuhura, kwa kuwa Hamadi alimzidi umri.

"Marahaba. Nimekuja kuangalia mali ya kaka yangu. Naona imepona. Robo yako sikunyimi, shemeji. Chagua: gurudumu au sindano?"

Akacheka peke yake. Bi Zuhura alinigeukia mimi, mtulivu kabisa, kama mtu aliyesubiri siku hii.

"Fundi Lukasi, chomoa bamba la chini umwonyeshe. Athumani hakunipa mahari siku ya ndoa. Alinipa mwaka wa tatu, na alichonipa ni hii cherehani. Aliinunua kwa Mzee Mbaruku, na aliyeshuhudia ni Mzee Mbaruku peke yake. Naye akaandika jina langu chini, kama anavyowaandikia wote."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Nilisikia ile nyundo ndogo: ti, ti, ti. Kwa miaka zaidi ya kumi mtu aliandika mbele ya macho yangu, kwa herufi za Kiarabu kama waandikavyo watu wa pwani, na mimi msomi wa misheni nikadhani anapima nyufa. *Chini mwachie mwenyewe.* Hakusema mwenyewe asafishe. Alisema chini ni mahali pa mwenyewe, mahali pa jina lake.

Nililichomoa bamba. Liling'aa kama sarafu mpya.

"Jina liko wapi?" aliuliza Bi Mosi.

"Nimelifuta," nilisema. "Nilidhani ni mikwaruzo."

Hamadi alipiga bakora yake sakafuni kwa furaha. "Haya! Jumatatu tukutane barazani kwa liwali atuamulie. Na wewe fundi uje, ulete hilo bamba lako, karatasi nyeupe."

Alipoondoka, nilitaka Bi Zuhura anitukane. Ingenisaidia. Yeye alichukua bamba, akaligeuza, akaona uso wake.

"Umesafisha kweli," alisema. Akalirudisha mezani, akatoka.

Bi Mosi ndiye aliyebaki mlangoni. "Mie na wewe, Fundi," alisema, "tumeisaidia cherehani hii mpaka tumeiua."

Sikula siku ile. Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimekaa mbele ya bamba lile, nikapitisha ukucha juu yake. Laini kabisa. Ndipo nikakumbuka neno la Mzee: nyama ya ndani bado ina uchungu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nafukuza kutu. Sasa ilinibidi niiite.

Nililiosha bamba kwa maji ya majivu hadi tone la mwisho la mafuta likatoka. Nikalisugua kwa ndimu na chumvi. Nikaenda Mtoni kuchota maji ya bahari kwenye chungu, nikalitundika bamba kwenye mdomo wa chungu, nikafunika kwa kanga ya mke wangu. Wateja walipita wakauliza napika nini.

"Kutu," nilisema.

"Fundi Lukasi anafuga kutu!" Habari ilifika sokoni kabla ya adhuhuri. Mmoja alirudi na rafiki zake kuja kuangalia, kama unavyokwenda kumwona mtu aliyechanganyikiwa.

Ijumaa hapakuwa na kitu. Jumamosi bamba lote lilififia, likawa kama jicho lenye mtoto wa jicho, basi. Niliongeza ndimu. Jumapili nilitoka kanisani bila kusubiri baraka, nikafunua kanga. Madoa mekundu yalikuwa yametoka. Hayakutawanyika kama kutu ya kawaida. Yalijipanga. Palikuwa na upinde, kisha doti juu yake, kisha mstari uliosimama, kisha kitu kama ndoana. Nililiangalia lile andiko jekundu mpaka macho yakauma, na sikuweza kulisoma. Huenda lilikuwa jina la Bi Zuhura. Huenda lilikuwa la Athumani. Huenda lilikuwa la Mzee Mbaruku mwenyewe, au dua tu. Pale mtaani palikuwa na walimu wa chuoni, wafundishao watoto Kurani, ambao wangenisomea mara moja. Sikuwaita. Niliogopa kwamba likisomwa kwanza kwangu, Hamadi angesema tumepanga.

Jumatatu nililipeleka limefungwa ndani ya kanga ileile. Liwali alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alimsikiliza Hamadi, akamsikiliza Bi Zuhura, kisha akaniita. Nilieleza yote mbele ya watu: kwamba mwalimu wangu alinikataza na sikumwelewa, kwamba nilifuta andiko la mwenye mali kwa tupa yangu, kwamba nimeita kutu ili ilirudishe. Wateja wangu wengi walikuwepo. Niliwaona wakitazamana, kila mmoja, bila shaka, akiwaza upande wa chini wa cherehani yake.

Liwali alifunua kanga. Alilisogeza bamba mbali, akalisogeza karibu, akaligeuzia dirishani.

"Mwanzo haupo," alisema. Akayafuata madoa kwa kidole. "Hapa pana *binti*. *Binti Salimu.* Na chini…" Alifuta miwani kwa kanzu yake. "Chini pameandikwa *mahari yake*."

Bi Mosi alipiga kigelegele, akakatazwa.

Hamadi alikwisha kusimama. "Liwali, huyu fundi alikuwa na bamba siku nne! Ameandika mwenyewe! Mtu wa kuja huyu, amehongwa!"

Liwali akanipa ubao wa kuandikia na chaki. "Fundi, niandikie hapa neno moja tu. *Mahari.* Kwa herufi hizi zilizo kwenye bamba."

Nilichukua chaki. Nilitaka kujaribu kunakili, kwa heshima yake. Nikaweka mkono upande wa kushoto wa ubao, tayari kuanza.

Baraza zima likaangua kicheko. Hata liwali alitabasamu. Sikujua kosa langu ni nini. Mtu aliyekuwa karibu yangu akaninong'oneza: "Maandishi yale huanzia kulia, ndugu yangu."

"Hamadi," alisema liwali, "huyu hajui hata mlango wa kuingilia. Keti."

Ujinga wangu ndio ulioharibu ushahidi wa yule mama, na ujinga uleule ndio uliouthibitisha. Sijawahi kuona fahari wala aibu ikikaa vizuri juu ya jambo hilo. Bi Zuhura alipewa cherehani yake yote, na gurudumu lake na sindano yake. Nilipotaka kulisafisha bamba kabla ya kulirudisha, aliuzuia mkono wangu, kama Mzee alivyouzuia zamani.

"Liache hivyohivyo," alisema. "Juu tia mafuta unavyotaka."

Mwaka ule nilikwenda kwa mwalimu wa chuoni jirani yangu, nikamwomba anifundishe herufi. Nilikaa mkekani nikiwa na mvi za kwanza, nikianzia upande wa kulia. Kisha nikaanza kugeuza kila cherehani iliyoingia kibandani. Nilikuta majina: Mwajuma. Fatuma na nduguye. Hamisi, amana ya yatima. Nikakuta pia mabamba yanayong'aa, na hayo yalikuwa mengi, na yote nilijua ni mkono wangu. Niliyaosha na kuyatundika kwenye chungu. Baadhi yalirudisha neno, baadhi nusu ya neno. Mengi hayakurudisha kitu. Wenye mali hizo sikuwajua wote, na wengine walikwisha kufa. Hii ndiyo sehemu ya kazi yangu ambayo sikuweza kuitengeneza, nami siandiki ili mnipe pole. Naandika ili mkono wenu usite.

Wiki moja kabla sijawakabidhi meza, Bi Zuhura alikuja. Mgongo umemwinama sasa, macho hayaoni tundu la sindano. Alikuja na Zainabu, binti wa dada yake, ambaye ndiye anayeshonea ile cherehani siku hizi.

"Nimempa," alisema. "Nikiwa hai, na akili zangu zote, ili asije Hamadi mwingine. Andika."

Niliilaza cherehani ubavu. Sikuigeuzia kifua changu. Niliielekeza kwao waone. Lile andiko la kutu bado lipo, limekuwa jeusi kwa umri. Nikaweka chini yake msumari aliokuwa akiandikia Mzee, nikaanzia upande wa kulia, nikagonga: ti, ti, ti. Nilichukua muda mrefu. Nilipomaliza, nilimpa Bi Zuhura bamba, naye akalipapasa kwa ncha ya kidole, herufi moja baada ya nyingine, kwa kuwa macho hayamsaidii tena.

"Fundi," alisema, "umesahau nukta."

"Ipi?"

"Ya mwisho. Hapa chini."

Nikaweka msumari mahali alipokuwa ameweka kidole, akakiondoa, nikagonga mara moja. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nyundo na msumari vimo ndani ya kopo la skrubu. Msivitupe.